Uwanja Upi Kwanza? Somo la Hewa kwa Rubani Mpya wa Ganjoni

Leseni ya rubani wa ndege binafsi haimwambii mwenyewe aende wapi. Mamlaka ya Usafiri wa Ndege ya Kenya ikishakuidhinisha, maana yake umetimiza saa zisizopungua 40 angani, umeruka peke yako, na umefanya walau safari moja ya peke yako ya maili 150 za bahari, ukatua na kusimama katika viwanja viwili tofauti. Baada ya hapo mwalimu anashuka. Kijana wa Ganjoni, Mombasa, aliyefika hatua hiyo hakosi washauri: ndugu wa Lamu wanamtaka Manda, jamaa wa Nairobi wanamwita Wilson, na kila aliyewahi kufika Tsavo anamsifia Voi. Akikunjua ramani, anaona kila njia ya kurukia imechorwa mstari na kuandikiwa urefu wake. Ni rahisi kudhani kazi imekwisha hapo: njia ikiwa ndefu twende, ikiwa fupi tuache.

Mtoto wa jirani yangu aliniuliza hivyo hivyo: "Mjomba, mita elfu moja si ni mita elfu moja popote?" Kwa anayetembea kwa miguu, ndiyo. Kwa ndege, la. Ndege haiinuliwi na lami, inainuliwa na hewa, na hewa ya Mombasa, ya Voi na ya Nairobi hazifanani. Mwenye kuielewa tofauti hiyo tangu mzizi wake atajua mwenyewe aanzie wapi na amalizie wapi, bila kusubiri kuambiwa. Basi tuanze na hewa.

Hewa ina uzito. Simama ufukweni mwa barabara ya Mama Ngina, uchore kwa fikra mraba wa mita moja kwa mita moja pale chini. Hewa yote iliyo juu ya mraba huo, kuanzia ardhini hadi inapokwisha kabisa, ina uzito wa zaidi kidogo ya tani 10. Hatuuhisi uzito huo kwa sababu unatusukuma kutoka kila upande, na ndani ya miili yetu kuna mgandamizo unaoujibu. Hewa ya chini ndiyo inayobeba mzigo wa hewa yote ya juu, kwa hiyo imekandamizwa, na molekuli zake zimekaribiana. Ukipanda hadi Nairobi, kwenye Uwanja wa Wilson ulio futi 5,536 juu ya usawa wa bahari, sehemu ya ule mzigo umeiacha chini yako. Juu ya mraba kama ule pale Wilson kuna takriban tani 8.4 tu. Mzigo umepungua, mkandamizo umelegea, na molekuli zimeachana.

Jambo la pili ni joto. Molekuli zilizopashwa moto huenda mbio zaidi na kusukumana mbali zaidi, kwa hiyo katika ndoo moja ya hewa moto huingia molekuli chache kuliko katika ndoo hiyo hiyo ya hewa baridi. Wanasayansi wa anga wamekubaliana kuwa na hewa ya mfano, wapate kitu kimoja cha kulinganishia: usawa wa bahari, nyuzijoto 15, mgandamizo wa hektopaskali 1,013. Hewa hiyo ina uzito wa kilo 1.225 kwa kila mita ya ujazo. Mombasa hatuipati hata siku moja. Mchana wa Februari wenye nyuzi 32, mita ya ujazo ya hewa yetu ina kilo 1.16 hivi. Wilson ikiwa na nyuzi 26, inabaki kilo 0.96.

La tatu ni unyevu, na hapa wengi huteleza. Hewa ya Mombasa mtu huiona nzito kwa jinsi inavyomgandia shingoni, na hudhani kwamba inaibeba ndege vizuri zaidi. Ni kinyume. Hewa kwa sehemu kubwa ni nitrojeni, ambayo molekuli yake ina uzito wa 28, na oksijeni yenye 32. Molekuli ya maji ina 18 tu. Mvuke unapoingia hewani huchukua nafasi ya molekuli nzito kuliko wenyewe, kwa hiyo hewa yenye unyevu ni nyepesi kuliko kavu. Katika siku yetu ya nyuzi 32 tofauti hiyo ni kama asilimia 1. Si kubwa kwa bawa, ila injini nayo inaonja: palipokaa mvuke hapakai oksijeni, na mafuta huungua kwa oksijeni.

Sasa bawa. Kuna maelezo mengi ya bawa, na mengine yamepindwa sana hadi kumchosha msomaji. Msingi wake ni kanuni ya Newton: ukitaka kuinuliwa, sukuma kitu chini. Bawa hushika hewa na kuitupa chini, na hewa hulijibu bawa kwa kulisukuma juu. Chukua Cessna 172S, ndege ambayo wengi hujifunzia. Ikiwa imejaa ina uzito wa kilo 1,157, na mabawa yake kutoka ncha hadi ncha ni mita 11. Inapokaribia kuinuka, kwa mwendo wa noti 55 (noti moja ni maili moja ya bahari kwa saa, yaani kilomita 1.85), mabawa hayo hushika takriban tani 3 za hewa kila sekunde na kuzisukuma chini kwa mwendo wa mita 3 na nusu hivi kwa sekunde. Soma tena: tani 3, kila sekunde. Ndiyo maana kitu cha bati chenye watu wanne kinaweza kukaa juu ya kitu ambacho macho hayakioni.

Kutokana na picha hiyo tunaipata kanuni kubwa bila kuikariri. Ukiongeza mwendo, unashika hewa nyingi zaidi kila sekunde. Hilo ni moja. Pili, kila kipande cha hewa unachokishika unakitupa chini kwa nguvu zaidi, kwa kuwa bawa limekipiga kwa mwendo mkubwa zaidi. Mwendo unaingia kwenye hesabu mara mbili, kwa hiyo nguvu ya kunyanyua hufuata mwendo uliozidishwa kwa wenyewe. Uzito wa hewa unaingia mara moja tu. Hewa ikipungua, rubani hana namna ya kuiongeza. Anachoweza kuongeza ni mwendo.

Tofauti ya hewa ya Mombasa na ya Wilson katika mfano wetu ni kama 1.2 kwa 1. Mwendo unaotakiwa utaongezeka kwa kipeuo cha pili cha 1.2, yaani karibu asilimia 10. Ajabu yake ni kwamba rubani hataiona kwenye saa ya mwendo. Kifaa hicho hupima msukumo wa hewa inayokigonga, na msukumo huo unategemea uzito wa hewa na mwendo kwa namna ile ile ambayo bawa linavitegemea. Bawa na kifaa vinaonja chakula kimoja. Hivyo rubani atainua pua kwenye noti 55 Mombasa, na kwenye noti 55 Wilson, lakini ardhi ya Wilson itakuwa inapita chini yake mbio zaidi. Mgeni huiona, hudhani amezidisha mwendo, akaivuta ndege mapema. Asifanye hivyo. Aamini kifaa.

Urefu wa njia unaotumika nao hufuata mwendo uliozidishwa kwa wenyewe: asilimia 10 ya mwendo ni asilimia 20 ya umbali. Halafu injini. Injini isiyo na pampu ya kuiongezea hewa huvuta kile inachokikuta, na ikikuta hewa iliyopungua kwa sehemu moja katika sita, nguvu hupungua kwa kiasi hicho au zaidi kidogo. Propela nayo ni bawa linalozunguka, inapata hewa kidogo ya kushika. Mchapuko unapungua kwa takriban moja katika sita, umbali unaongezeka tena kwa asilimia 20. Mara 1.2 kwa 1.2 ni 1.44. Ongeza msuguano wa magurudumu, na umefika karibu mara moja na nusu. Kitabu cha Cessna 172S kinasema kwamba katika hewa ya mfano, usawa wa bahari, ndege iliyojaa hukimbia mita 293 kabla ya kuinuka, na huhitaji mita 497 hadi iwe imepita juu ya kizuizi cha futi 50. Mombasa mchana wa joto, zile 293 zinakuwa kama 330. Wilson zinakaribia 500. Sasa jibu la swali la mtoto wa jirani limepatikana kwa penseli na karatasi.

Marubani wana njia fupi ya kulisema hili, nami naipenda kwa sababu inamweka mtu mahali pake mara moja. Chukua kimo cha uwanja. Tafuta joto ambalo hewa ya mfano ingekuwa nalo kwenye kimo hicho: nyuzi 15, ukitoa 2 kwa kila futi 1,000. Kila nyuzi moja iliyozidi hapo, ongeza futi 120. Unachopata ni kimo ambacho ndege inajihisi iko. Uwanja wa Moi wa Mombasa, ulio futi 200 tu juu ya bahari, kwa nyuzi 32 unakuwa na kimo cha hewa cha futi 2,300. Voi, kwenye futi 1,900 hivi, ikipata nyuzi 34 za mchana wa Tsavo inapanda hadi 4,600. Wilson kwa nyuzi 26 ni futi 8,200. Ile Cessna yetu usawa wa bahari hupanda futi 730 kwa dakika. Kwa futi 8,200 inabaki na nusu ya uwezo huo, maana kupanda kunategemea nguvu iliyobaki baada ya ndege kujishikilia tu hewani, na ziada hiyo ndiyo inayoisha kwanza.

Mpaka hapa tumeizungumza hewa iliyotulia. Pwani haitulii, na kwa hilo mzaliwa wa Ganjoni ana bahati kuliko mwanafunzi wa bara, kwani amekua akizijua pepo. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki tangu Desemba hadi Machi. Kusi huvuma kutoka kusini na kusini mashariki, ikashika nguvu Juni na Julai. Juu ya hizo kuna upepo wa kila siku. Jua linapopiga nchi kavu, joto hubaki kwenye tabaka jembamba la juu, na udongo huhitaji joto kidogo sana kuliko maji ili upande nyuzi moja. Bahari hulichanganya joto lake hadi kina kirefu, kwa hiyo haibadiliki. Kufikia saa sita mchana hewa ya juu ya ardhi imetanuka na kupanda, na hewa ya baharini inaingia kujaza nafasi. Usiku mambo hugeuka, ardhi inapoa upesi na upepo mwepesi hutoka bara kwenda baharini, ndio ule umande unaowasaidia wavuvi kutoka alfajiri. Rubani anayeondoka saa moja asubuhi na kurudi saa tisa alasiri atakuta hali mbili tofauti kwenye uwanja mmoja.

Upepo hauongezi wala kupunguza mwendo ambao bawa linauhitaji. Unachobadilisha ni mwendo wa ardhi. Ukihitaji noti 55 za hewa na mbele yako kuna upepo wa noti 10, magurudumu yanahitaji kufika 45 tu. Zidisha kila moja kwa yenyewe, linganisha, na utaona njia unayoihitaji imepungua kwa theluthi moja. Upepo huo huo ukiwa nyuma yako, magurudumu lazima yafike 65, na njia inaongezeka kwa asilimia 40. Kitabu cha Cessna ni kikali zaidi ya hesabu yetu, na ukali wake una hekima: kwa kila noti 9 za upepo wa mbele kinakuruhusu kupunguza asilimia 10 pekee, ila kwa kila noti 2 za upepo wa nyuma kinakutaka uongeze asilimia 10. Faida ya upepo unapewa kwa kijiko. Hasara yake unatozwa yote na ziada, kwa kuwa upepo unaweza kugeuka wakati wewe umeshaanza kukimbia.

Ndiyo maana namba zilizochorwa mwanzoni mwa njia zina uzito kuliko urefu wake. Namba ni mwelekeo wa dira uliogawanywa kwa kumi. Njia kuu ya Uwanja wa Moi, yenye mita 3,350, ni 03 upande mmoja na 21 upande wa pili: nyuzi 30 na nyuzi 210. Kaskazi ikija kutoka nyuzi 45, inakaribia kukuvumia usoni. Kusi ikitoka nyuzi 160, inakupiga ubavuni. Sehemu ya upepo inayosukuma ubavuni hupatikana kwa saini ya pembe kati ya upepo na njia. Kwa pembe ya nyuzi 30 ni nusu ya upepo. Kwa 60 ni karibu tisa ya kumi, na kwa 90 ni upepo wote. Uwanja wa Moi una njia nyingine fupi ya 15/33 inayoelekea karibu sawasawa na kusi, na kwa hilo unaona kwamba waliouchora walizijua pepo za hapa. Cessna 172S ilithibitishwa na watengenezaji katika upepo wa ubavuni wa noti 15. Rubani mpya ajiwekee nusu ya hiyo mpaka mikono izoee. Soksi ya upepo itamsaidia kukisia: ikinyooka kabisa, upepo umefika noti 15 au zaidi.

Sasa tunaweza kuchagua, na hapa natofautiana na wengi. Watu humwambia rubani mpya wa Mombasa aanze na Ukunda kwa kuwa ni karibu. Ni karibu mno. Maili 16 za bahari ni dakika 9 kwa ndege ya noti 110. Ndani ya dakika hizo atakuwa anaagana na mnara wa Moi, anavuka kusini mwa Likoni, anatafuta uwanja kati ya minazi, anasikiliza ndege za watalii wa Diani, na anapanga kutua. Hana nafasi ya kufikiri. Halafu njia ni moja, upepo ukiwa wa ubavuni hakuna ya pili. Ukunda ni mahali pazuri pa kurudi mara nyingi baadaye.

Kwangu mimi safari ya kwanza ni Malindi. Iko maili 57 za bahari, nusu saa na kidogo, na pwani yenyewe ni ramani: bahari mkono wa kulia, mkondo wa Mtwapa, kisha Takaungu, daraja la Kilifi, halafu msitu wa Arabuko-Sokoke upande wa kushoto na hori la Mida linalong'aa kabla ya Watamu. Uwanja uko karibu usawa wa bahari, kwa hiyo hewa yake ni ile ile uliyoizoea na hesabu za umbali hazibadiliki sana. Zaidi ya yote, una njia mbili zinazokatana: 17/35 na 08/26. Toa 80 kwenye 170, utapata 90. Njia mbili zikikatana kwa pembe mraba, upepo utoke utakako, hauwezi kuwa mbali na mojawapo kwa zaidi ya nyuzi 45. Kwa pembe hiyo, upepo wa noti 15 unakupa noti 10 na nusu za ubavuni, nayo ndiyo hali mbaya kabisa. Kusi ikiwa nyuzi 160, unatua 17 na kuisahau. Kiwanja hiki kinamlinda mwanagenzi kwa jiometri yake.

Kabla hajaondoka Moi, kuna jambo moja la uwanja wa nyumbani. Pale anashiriki njia na ndege kubwa za abiria. Bawa linalosukuma hewa chini huiacha hewa ya chini ikikimbilia juu kupitia nchani, na kila ncha huvuta nyuma yake kamba ya hewa inayozunguka. Ndege ikiwa nzito na yenye mwendo mdogo, kamba hiyo huwa kali zaidi, na hushuka polepole huku ikipeperushwa na upepo. Anayeifuata aondoke ardhini kabla ya pale ndege kubwa ilipoinukia, na akitua, atue mbele ya pale ilipogusa. Mnara ukimwambia asubiri dakika 2 au 3, asione anacheleweshwa.

Jambo jingine ni dogo lakini lina uzuri wake. Mgandamizo wa hewa wa ukanda wetu hupanda na kushuka mara mbili kwa siku kwa mpangilio, kwa sababu jua huipasha anga yote na kuifanya ipwe na kujaa. Hufika juu karibu saa nne asubuhi, na hushuka chini karibu saa kumi alasiri, tofauti ikiwa hektopaskali 3 hivi. Hektopaskali moja ni kama futi 27 kwenye kipima-kimo. Hivyo ndege iliyoegeshwa Moi asubuhi bila kuguswa itadai alasiri kwamba imepanda futi 80. Rubani ataitazama, apige hesabu, halafu aweke mgandamizo mpya aliopewa na mnara. Akiizoea tabia hiyo nyumbani, hatasahau kufanya hivyo ugenini.

Baada ya Malindi namshauri Manda, uwanja wa Lamu, ulioko kisiwani ng'ambo ya mji, ambako abiria humalizia safari kwa mashua. Hewa bado ni ya usawa wa bahari. Kilichoongezeka ni umbali: maili 133 kutoka Mombasa, na huko mbele mafuta ya petroli ya ndege si kitu cha kutegemea, sharti upige simu kwanza au ubebe ya kwenda na kurudi. Wengi hujituliza kwamba upepo unaokuchelewesha ukienda utakufidia ukirudi. Tupige hesabu. Kwa noti 110 bila upepo, kwenda na kurudi ni saa 2 na dakika 25. Kaskazi ya noti 25 ikikukabili, unakwenda kwa noti 85 na kurudi kwa 135, na jumla ni saa 2 na dakika 33. Dakika 8 zimepotea. Sababu ni kwamba unakaa kwenye upepo mbaya muda mrefu kuliko unavyokaa kwenye upepo mzuri, na upepo ukizidi, hasara hukua upesi zaidi ya upepo wenyewe. Akiba ya dakika 30 za mchana inayotakiwa na sheria ihesabiwe baada ya hasara hiyo. Na magharibi yetu ni fupi. Leseni ya msingi ni ya mchana, jua likizama giza haliombi ruhusa, kwa hiyo saa ya kuondoka Manda ihesabiwe kurudi nyuma kutoka kwenye machweo ya Mombasa.

Voi ni darasa la joto, na safari za Tsavo ni darasa la njia zisizo za lami laini. Nyasi kavu tu, kwa mujibu wa kitabu kile kile, huongeza asilimia 15 ya umbali wa kukimbia, na changarawe iliyolegea haina huruma kwa propela. Wanyama huvuka, kwa hiyo kwanza pita juu uitazame njia, halafu zunguka ndipo utue. Voi ina kumbukumbu nzito katika historia ya urubani wa nchi hii: tarehe 14 Mei 1931 ndege ya Gipsy Moth ya Denys Finch Hatton ilianguka muda mfupi baada ya kuruka kutoka Voi, akafa yeye na Kamau, mtumishi aliyekuwa naye. Nenda asubuhi. Ardhi ile ikishapata moto hewa hupanda kwa mafungu, ndege inarushwarushwa, na kile kimo cha hewa cha futi 4,600 tulichokipiga hesabu kinaanza kuwa kweli mikononi.

Wilson iwe ya mwisho. Ulikuwa Uwanja wa Nairobi West hadi 1962, ulipopewa jina la Florence Kerr Wilson, aliyeanzisha Wilson Airways mwaka 1929. Ndio moyo wa ndege ndogo za Kenya, na rubani mpya hupatamani, nami sioni ajabu. Lakini ni maili 233, ni viwanja vya jirani vilivyojaa ndege, na ni hewa ile ya kilo 0.96. Kutua hakutamshinda, siku ya kuondoka ndiyo ya kupangwa. Kwa nyuzi 26 za mchana kimo cha hewa ni futi 8,200. Saa moja asubuhi, joto likiwa nyuzi 15, hesabu ile ile inatoa futi 6,900: amepata futi 1,300 bure kwa kuamka mapema. Katika mchanganyiko wa mafuta na hewa lazima apunguze petroli ili ilingane na hewa iliyopungua, jambo ambalo Mombasa hakulihitaji alipokuwa akiondoka ardhini, na lisipofanywa injini inakohoa nguvu zake kabla hata ya kuanza.

Halafu uzito. Ndege nyepesi inainuka kwa mwendo mdogo na inachapuka upesi, vyote viwili kwa pamoja, kwa hiyo kupunguza asilimia 10 ya uzito kunapunguza umbali wa kukimbia kwa asilimia 20 hivi. Katika Cessna ya kilo 1,157 hiyo ni kilo 115: abiria mmoja mzima na mizigo yake, au mtungi wa mafuta usiojazwa pomoni. Wa nyumbani Ganjoni wakitaka kuletewa viatu na vitenge vya soko la Gikomba la Nairobi, viende kwa treni ya SGR.